Tuliachana kibiashara lakini bado anaingia kwenye mfumo wangu, naweza kumdai fidia bila kupitia polisi?

Mama Mahesabu

Habari zenu wakuu. Naombeni msaada wa kisheria hasa nyie mlioko huku Marekani, mimi niko jimbo la California.

Nina kampuni ndogo ya kutunza mahesabu ya watu. Niliianza na mwenzangu mmoja ambae ndo alikuwa fundi wa mambo ya kompyuta, yeye ndo aliefungua kila kitu, imeili za kampuni, hifadhi ya mafaili, programu ya mahesabu, vyote. Mwezi wa tatu tukaachana vizuri tu, nikamlipa chake, akasaini karatasi kwamba hana hisa wala cheo tena. Siku ileile nikafuta akaunti yake nikajua yameisha.

Sasa juzi mteja wangu mmoja kanipigia anauliza, mbona yule mwenzio wa zamani kanitafuta na anajua mpaka faili langu la kodi limefika wapi? Nikashtuka. Kuingia kwenye logi, yani kumbukumbu za nani kaingia na kafanya nini, nakuta kuna akaunti inaitwa "sapoti", ina mamlaka yote ya admini (msimamizi wa mfumo), mimi sijawahi kuitengeneza, na imekuwa ikiingia usiku saa nane saa tisa, mafaili ya wateja yamefunguliwa na mengine yamepakuliwa. Nimeita fundi mwingine kakagua mfumo mzima, bili yake dola 3,400. Wateja wawili wameshahama.

Sitaki mtu afungwe jamani, tumetoka mbali. Nataka aache na anilipe hela yangu. Kuna madai ya hivyo au mambo ya kudukua ni jinai tu?

Kiongozi wa Zamu

Pole dada ila huna kesi hapo. Huyo hajadukua, amedukua nini wakati paswedi anayo na mfumo kautengeneza yeye? Aliyekupa nyumba na funguo akabaki na moja huwezi kumuita mwizi. Badilisha paswedi songa mbele.

Msomi wa Usiku

Kiongozi usimkatishe tamaa mtu bure, funguo sio ruhusa. Dada, mi nafanya kazi kwenye ofisi ya mawakili huku, sio wakili wako, lakini nikueleze unavyotakiwa kuliangalia hili ukienda kuonana na wakili.

Madai yapo. Sheria ya taifa zima inaitwa CFAA (Computer Fraud and Abuse Act), inayokataza kuingia kwenye kompyuta bila ruhusa, ya mwaka 1986, mwanzoni ilikuwa ya jinai tupu, 1994 ndo wakaongeza kipengele kwamba aliyeumia anaweza kumshtaki mwenyewe mahakama ya madai, apewe fidia na amri ya kumzuia yule mtu asirudie. Huhitaji polisi wala mwendesha mashtaka akubali kwanza, zinaweza hata kwenda zote mbili kwa pamoja.

Tatizo ni kwamba mlango huo una kizingiti. Kwa kesi kama yako lazima uonyeshe hasara isiyopungua dola 5,000 ndani ya mwaka mmoja. Na hapa ndo watu wengi wanajikwaa kwasababu wanadhani hasara ni chochote kilichowauma. Hapana. Hasara kwa sheria ile ni gharama za kushughulikia uvamizi wenyewe, yani kuchunguza kilichotokea, kukagua kama kuna kilichoharibiwa, kurudisha data na mfumo ulivyokuwa, pamoja na mapato uliyopoteza kama huduma ilisimama. Wewe huduma yako haikusimama. Wale wateja wawili waliohama usiwategemee kukufikisha 5,000, mahakama nyingi zitakwambia hiyo ni faida iliyopotea sababu ya habari iliyochukuliwa, sio sababu ya mfumo kuguswa. Mwaka 2021 Mahakama ya Juu kwenye kesi ya Van Buren ilisisitiza hilo hilo, kwamba maneno "hasara" na "uharibifu" kwenye sheria ile yanalenga madhara ya kiteknolojia.

Kwahiyo una 3,400 mkononi. Muda wako mwenyewe umeuandika? Umekaa siku ngapi unapitia logi, unabadilisha paswedi za wateja, unawapigia? Hayo masaa yana thamani ila lazima yawe na karatasi, sio kuyakumbuka mbele ya hakimu.

Lakini uko California, na California ina sheria yake, kifungu cha 502 cha sheria ya jinai ya jimbo. Jina lisikutishe, ndani yake kuna haki ya madai kabisa. Hiyo haina kizingiti cha 5,000, ilimradi kuna hasara au uharibifu. Na imetaja kwa maneno kwamba fidia inajumuisha gharama za lazima za kuhakiki kama mfumo ulibadilishwa au kufutwa kitu AU haukuguswa. Yani hata fundi wako akikuta hakuna kilichoharibika, bili yake bado inadaika. Mahakama inaweza pia kuamuru ulipiwe wakili, na kama alifanya kwa makusudi ya kukuumiza au kwa hila kuna fidia ya adhabu juu yake, yani hela ya kumwadhibu zaidi ya hasara yako halisi. Muda wa kufungua ni miaka 3 tangu tukio au tangu ulipogundua, CFAA ni miaka 2.

Hasara ya wateja waliohama inadaiwa kwa njia nyingine, orodha ya wateja inaweza kuwa siri ya biashara na kuna sheria ya taifa ya 2016 ya siri za biashara. Hiyo nayo ina masharti yake, utatakiwa uonyeshe ulikuwa unailinda.

Kiongozi wa Zamu

Sawa msomi ila hujajibu hoja yangu. Van Buren huyo huyo uliyemtaja si alishinda? Alikuwa polisi akaingia kwenye database akatafuta namba ya gari kwa kuhongwa, mahakama ikasema hana kosa kwasababu alikuwa na ruhusa ya kuingia. Sasa huyu nae alikuwa na ruhusa.

Msomi wa Usiku

ALIKUWA nayo, umejijibu mwenyewe. Van Buren alikuwa kazini siku anayoingia, paswedi ni yake, mfumo umemruhusu, alichokosea ni sababu ya kuingia. Mahakama ikasema kura 6 kwa 3 kwamba sheria haiangalii nia, inaangalia geti, liko wazi kwako au limefungwa. Na hiyo imewaumiza sana waajiri, maana mfanyakazi aliye kazini akipakua mafaili ambayo anaruhusiwa kuyaona akampelekea mshindani, CFAA haimgusi tena, utafute sheria nyingine.

Ila huyu wa dada alisaini karatasi ya kutoka na akaunti yake ikafutwa. Hilo ni geti kufungwa. Kuingia kwa akaunti ya pembeni hakulifungui. Kuna kesi ya Facebook na kampuni iliyoitwa Power Ventures, mahakama ya rufaa ya kanda ya 9 ambayo ndo ya California ikaamua 2016, Power walikuwa wanaingia kwa ridhaa ya watumiaji wenyewe, Facebook wakawaandikia barua ya kuwakataza na kufunga anwani zao za IP (namba zinazotambulisha walikotokea mtandaoni), wao wakaendelea. Mahakama ikasema tangu ile barua ifike hawana ruhusa, full stop. Ndo maana dada hata kama unaona ile karatasi inatosha, mwandikie barua nyingine leo, fupi, kwamba huna ruhusa kwenye mfumo wowote wa kampuni kwa akaunti yoyote, na usifute chochote kinachohusu jambo hili. Hiyo ya mwisho ni muhimu, akifuta baada ya barua anajichimbia mwenyewe.

Fundi Seva

Mi sheria siijui ila logi nazijua na naona mnaruka jambo kubwa. Mtathibitishaje ni YEYE? Akaunti inaitwa sapoti, haina jina la mtu. Nimewahi kuona mawakili wanakuja na skrinshoti moja ya logi wanadhani wamemaliza.

Kwanza dada usifute hiyo akaunti. Isimamishe, ing'oe kwenye vifaa vyote vilivyoingia, lakini usiifute maana ukiifuta mifumo mingine inaondoka na historia yake. Pili shusha logi zote leo kama faili, sio picha, kwasababu hazikai milele. Kama unatumia Google Workspace kwa mfano logi za kuingia zinakaa miezi 6 tu, sasa wewe mmeachana mwezi wa tatu, piga hesabu. Tatu tafuta siku hiyo akaunti ilipotengenezwa na nani aliitengeneza, hiyo ndo dhahabu. Kama ilitengenezwa na akaunti yake mwenyewe siku chache kabla hajasaini, hapo hata asiyejua kompyuta ataelewa.

Alafu hiyo saa nane usiku unayosema, hebu angalia logi iko kwenye saa ya wapi. Nyingi zinatoka kwa UTC, saa ya kimataifa isiyofuata eneo lako. Saa nane usiku ya UTC kipindi hiki cha joto ni saa moja jioni kwako California. Ukienda kuapa kwamba aliingia usiku wa manane na yeye akaleta ushahidi alikuwa ndani ya ndege usiku huo, umeaibika kwa kitu kidogo hivyo.

Na IP peke yake haitaji jina. Kampuni ya intaneti haitakupa jina la mteja wake kwa kuiomba, inataka hati ya mahakama, kwahiyo mara nyingine kesi inafunguliwa kwanza ndo jina linafuata.

Msomi wa Usiku

Fundi umenikumbusha kesi ambayo kila mtu kwenye mambo haya anatakiwa aijue, LVRC na Brekka, kanda ya 9 hiyohiyo, 2009. Brekka aliacha kazi, zaidi ya mwaka baadae kampuni ikagundua kuna mtu kaingia kwenye tovuti yao kwa paswedi yake, ambayo hawakuwa wameifunga. Mahakama ikakubali kabisa kwamba kama ni yeye aliingia baada ya kuacha basi alivunja sheria, hakuna ubishi. Kampuni ikashindwa. Haikuthibitisha ni yeye.

Jicho Kodo

Mnazunguka sana. Dada si unajua paswedi zake za zamani? Mtu wa hivyo habadilishi. Ingia kwenye imeili yake utakuta mafaili yako humo, piga picha, kesi kwisha.

Fundi Seva

Jicho hapana kabisa. Dada usimsikilize huyu.

Msomi wa Usiku

Akifanya hivyo kesho wanakuwa wadai wawili na wadaiwa wawili. Hakuna kipengele cha "alianza yeye". Wakili wa upande wa pili ataomba mungu kila siku ufanye hicho kitu.

Wanjiku wa Sheria

Nachangia kidogo kwa wasomaji walioko Kenya maana naona wengi wanafuatilia. Kwetu sheria ya matumizi mabaya ya kompyuta ya 2018 kuingia bila idhini ni jinai, faini mpaka shilingi milioni 5 ama kifungo mpaka miaka 3 ama vyote viwili, na korti ikimpata na hatia inaweza kuamuru alipe fidia. Njia ya madai iliyo wazi zaidi iko kwenye sheria ya ulinzi wa data ya 2019, lakini hiyo ni ya mtu ambaye data yake imeguswa, na inakubali hata mateso ya moyo, si pesa tu. Sasa geuza hilo kwa kesi ya huyu dada. Mafaili yaliyopakuliwa si yake, ni ya wateja. Hapa kwetu wateja hao wangeweza kumgeukia YEYE wamuulize mbona akaunti ya admini ilikaa miezi yote hiyo bila kuonekana. Mama Mahesabu, huko kwenu umeshawajulisha wateja?

Mama Mahesabu

Wanjiku umenipasua kichwa, bado sijawaambia wote, niliogopa.

Fundi ubarikiwe. Nimefanya ulivyosema. Saa ni UTC kweli, kwahiyo sio usiku ni jioni baada ya kazi. Akaunti ya sapoti ilitengenezwa na akaunti yake siku nne kabla hajasaini. Na nikiwa napekua mipangilio ya imeili nimekuta kitu kingine, kwenye imeili yangu mimi ya kampuni kuna ruli imewekwa kwamba kila barua inayoingia yenye neno "ankara" au "kodi" nakala iende kwenye anwani fulani ya nje. Anwani yenyewe ina kifupi cha jina lake. Nilikaa pale mezani nikaiangalia tu. Inamaana hata barua za wateja tangu mwezi wa tatu anazisoma zinapoingia.

Fundi Seva

Usiifute hiyo ruli bila kuipiga picha na kuichukua kwenye logi ya mabadiliko, inatakiwa ionekane iliwekwa lini na akaunti gani. Baada ya hapo izime LEO.

Msomi wa Usiku

Dada hiyo ruli inaweza kuwa nzito kuliko mengine yote uliyoandika, na ungeifuta kwa hasira ningelia.

Sababu ni hii. Kuingia kwenye hifadhi ukasoma barua zilizokaa ni jambo moja, kuna sheria yake ya 1986 ya mawasiliano yaliyohifadhiwa na ina kiwango cha chini cha dola 1,000, japo kuna mahakama zinataka kwanza uonyeshe umeumia kweli. Kwenye kesi ya Van Alstyne ya 2009, kanda ya 4, bosi alikuwa anaingia kwenye imeili binafsi ya mama aliyekuwa mfanyakazi wake, mahakama ikasema bila madhara halisi hiyo 1,000 hupati ila fidia ya adhabu na gharama za wakili unaweza kupata.

Lakini kunasa barua inapopita ni sheria nyingine, ile ya kunasa mawasiliano, watu wanaiita ya kunasa simu. Hiyo mahakama inaweza kukupa dola 100 kwa kila siku ya uvunjaji au dola 10,000, kile kilicho kikubwa, hata kama huna risiti ya senti moja ya hasara. Swali ni je ruli ya kutuma nakala ni kunasa? Mahakama ya rufaa ya kanda ya 7 kule Chicago ilishasema ndio, 2010, kesi ya mfanyakazi wa mamlaka ya kodi aliyeweka ruli kwenye kompyuta ya bosi wake. Tofauti ni kwamba wewe uko kanda ya 9 na kanda ya 9 tangu 2002 inataka kunasa kuwe wakati barua iko njiani, sio baada ya kufika. Upande wa pili watasema nakala ilitoka baada ya barua kutua. Wakili wako atasema imetoka papo hapo. Ni ubishi wa kweli, sio wa kupoteza, muulize wakili hilo swali mapema, na kama hajui unachoongelea tafuta mwingine.

Kuhusu wateja, Wanjiku yuko sahihi, usikae kimya. California ina sheria ya kuwajulisha watu taarifa zao fulani zinapochukuliwa na mtu asiyeruhusiwa, namba za hifadhi ya jamii zikiwemo, na mafaili ya kodi yamejaa hizo. Hilo lisingoje kesi.

Jicho Kodo

Sawa nimekoma. Ila kwenye hizi kesi watu wanapata hela kweli? Nilisikia WhatsApp walilipwa mamilioni na wale Waisraeli wa programu za kupeleleza.

Msomi wa Usiku

Nzuri hiyo, iangalie kwa karibu. WhatsApp na NSO Group, kesi ilifunguliwa 2019 kuhusu simu kama 1,400 zilizolengwa, Desemba 2024 jaji akasema NSO wamevunja CFAA na hiyo sheria ya California niliyoitaja. Mei 2025 baraza la wazee wa mahakama (jury) likatoa fidia ya adhabu ya zaidi ya dola milioni 167, dunia nzima ikaandika hiyo. Wachache waliandika fidia ya hasara halisi ilikuwa ngapi. Dola 444,719. Kampuni kubwa kiasi hicho, na hesabu yenyewe ilikuwa ya muda wa wafanyakazi wao walioacha kazi zao kushughulikia uvamizi. Baadae jaji akaishusha ile ya adhabu mpaka dola milioni 4 hivi, lakini akawapa amri ya kudumu ya kuwazuia NSO wasiwaguse tena. Ukiniuliza mimi ile amri ndo ilikuwa na thamani.

Kwahiyo Mama Mahesabu usijenge nyumba kwa hela hii bado. Na kama mwisho wa siku unachotaka ni bili ya fundi na muda wako, mahakama ya madai madogo ya California kwa kampuni inafika dola 6,250 na mawakili hawaruhusiwi kukusemea mle ndani. Ila ukitaka amri ya zuio na hayo ya kunasa barua, sio pale, na kampuni haiwezi kujitetea yenyewe kwenye mahakama kubwa, lazima wakili.

Kiongozi wa Zamu

Nakubali hoja ya geti. Ila siku nne kabla ya kusaini bado alikuwa mwenza, kutengeneza akaunti hakukuwa kosa.

Msomi wa Usiku

Kweli, kutengeneza sio kosa na wakili wake atalisema hilo hilo. Kosa ni kila kuingia baada ya kusaini. Ile tarehe inasaidia kuonyesha alijua anaondoka.

Mama Mahesabu

Asanteni sana. Nimepata wakili, tunaonana Alhamisi, barua imeshatumwa kwa posta ya kusaini na kwa imeili. Wateja naanza kuwapigia kesho asubuhi mmoja mmoja. Swali la mwisho, fundi wangu bili yake ameandika mstari mmoja tu, "ukaguzi wa mfumo, dola 3,400". Inatosha?

Fundi Seva

Haitoshi. Mwambie aiandike upya kutoka kwenye kumbukumbu zake za kazi, tarehe, masaa, alichokagua, alichokuta. Na kama ndani ya hiyo 3,400 kuna kazi nyingine alikufanyia, mfano alikuwekea printa au alikuuzia leseni mpya, aitoe pembeni iwe bili yake.

Msomi wa Usiku

Na asirudishe tarehe nyuma. Bili mpya iwe na tarehe ya leo, ile ya zamani ibaki ilivyo.